Mtaka cha Uvunguni: Namna ya Kuchomelea Chesisi Iliyoliwa na Kutu, Ukiwa Jette

Lala chali. Hapo ndipo kazi inapoanzia, na asiyeweza kulala chali juu ya saruji ya gereji ya Jette, Ubelgiji, mwezi Februari asinunue lori kuukuu la Ulaya. Wahenga walisema mtaka cha uvunguni sharti ainame, lakini wao walikuwa wakizungumzia kitanda. Uvungu wa Mercedes 814 unadai zaidi. Tandika maboksi yaliyokunjuliwa, juu yake kipande cha godoro la sponji, funga kitambaa kichwani, vaa miwani inayoziba hadi pembeni, chukua nyundo ndogo na chaki, kisha jisukume kwa visigino mpaka uso wako uwe chini ya ekseli ya nyuma. Vuta pumzi. Umeshafika.

Hilo 814 nalijua kwa sababu mimi na ndugu zangu wawili tulichanga tukalinunua. Kwa desturi ya Mercedes ya miaka ile, tarakimu ya kwanza inakueleza uzito kwa makadirio, kama tani 8 pamoja na mzigo, na mbili za mwisho zinakueleza nguvu, yaani farasi mia na thelathini na kitu. Ni lori la kazi: injini ya silinda nne, usukani kushoto. Kwa hiyo linafaa Burundi, ambako magari hupita kulia kama Ubelgiji. Tulilitaka liende Bujumbura likabebe saruji na mchele. Muuzaji alikuwa amelipaka uvunguni rangi nyeusi nzito inayong'aa kama kiatu cha bwana harusi, nasi tukaisifu.

Sasa sikia. Hapahapa Jette, mtaa wa Esseghem namba 135, ndipo alipoishi mchoraji René Magritte tangu 1930 hadi 1954. Mwaka 1929, kabla hajahamia huku, alikuwa ameshachora kiko kimoja kizuri cha kuvutia tumbaku, na chini yake akaandika kwamba hicho si kiko. Watu husimama mbele ya picha ile wakakuna vichwa. Mimi nilimwelewa siku nilipochukua bisibisi nikakwaruza ile rangi nyeusi nyuma ya springi ya kushoto. Bisibisi ilizama mpaka kwenye mpini. Ile haikuwa chesisi. Ilikuwa picha ya chesisi.

Kwetu Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, tunaiita shasi, kwa kuwa Mbelgiji alituachia neno lake pamoja na spana zake. Dar es Salaam na Nairobi watakuambia chesisi. Vyovyote uitavyo, ni boriti mbili ndefu za chuma zilizokunjwa kama mfereji, zimeunganishwa na boriti fupi za kukingama, mithili ya ngazi iliyolazwa. Injini imekaa juu yake, kabini juu yake, bodi juu yake, na springi zimening'inia chini yake. Mlango ukioza, lori linatembea. Chesisi ikioza, hakuna lori tena. Kuna vyuma vinavyosafiri pamoja kwa mazoea.

Kutu ya Jette haitoki baharini. Watu wa Mombasa, Tanga na Unguja wanaijua kutu ya upepo wa chumvi, ile inayokula bati la paa na bawaba za dirisha. Huku chumvi inakuja kwa gari. Usiku wa baridi magari ya manispaa hupita yakimwaga chumvi barabarani, kwa kuwa maji ya chumvi huganda kwenye baridi kali zaidi kuliko maji matupu, na bila hiyo tungekuwa tunateleza kama samaki sakafuni. Matairi huyarusha yale maji juu, yanaingia ndani ya mfereji wa boriti, yanachanganyika na tope, yanakaa. Wala kutu haifanyi kazi sana siku barafu imekaza. Inangoja Machi, joto linaporudi kidogo na kila kitu kimeloa. Ndiyo sababu ukitaka kufanya jambo moja tu la maana kwa gari lako huku, lioshe uvungu kwa maji mengi ya bomba baridi inapokwisha, hasa ndani ya boriti. Bujumbura tuna ziwa, lakini maji ya Tanganyika hayana chumvi. Lori la Buyenzi hufa kwa mzigo na milima. La Jette hufa likiwa bado na nguvu zake zote.

Ukitaka kuelewa kinachotokea ndani ya chuma, nenda Laeken, hatua chache kutoka kwetu, ukaitazame Atomium. Ina kimo cha mita 102, ilijengwa kwa ajili ya Maonyesho ya Dunia ya 1958, na mipira yake tisa ni atomi za chuma: fuwele moja ya chuma iliyokuzwa mara bilioni 165. Nane pembeni, moja katikati, zote zimeshikana. Kushikana huko ndiko kunakobeba saruji yako. Oksijeni na maji vikipenya, mikono ile inaachiana, na chuma kinarudi kuwa kile kilichokuwa kabla ya tanuri, udongo mwekundu. Udongo huo unachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichouzaa. Kwa hiyo mahali ambapo mabamba mawili yamelaliana, kutu huvimba katikati na kuyatanua, kama mzizi wa mkuyu unavyotanua ukuta. Ukiona boriti imefura tumbo, usidhani imenenepa.

Sasa gonga.

Mimi nilifundishwa kugonga na mzee mmoja wa kwetu anayekaa karibu na Place Reine Astrid, ile wanayoiita Kioo. Alichomelea vyuma Buyenzi tangu ujana wake hadi alipoletwa huku na watoto wake. Magoti yake hayamruhusu tena kuingia uvunguni, kwa hiyo alikaa kwenye kiti cha plastiki kando ya gurudumu, koti zito, kofia ya sufu, macho ameyafumba.

"Gonga, mwanangu."

Nikagonga. Ngaa!

"Hapo pazima. Sogea kiganja kimoja."

Ngaa!

"Sogea."

Pwu.

"Hapo pamekufa. Tia chaki. Sogea."

Tulikwenda hivyo urefu wote wa boriti ya kushoto, kisha ya kulia, kiganja kwa kiganja, na yeye hakuona hata sehemu moja aliyoihukumu. Chuma kizima hulia kama kengele na nyundo hudunda mkononi. Chuma kilicholiwa hakirudishi nyundo, kinaimeza. Penye shaka, toa gamba kwa patasi, sugua kwa brashi ya waya, pima unene kwa kalipa. Chesisi yetu ilikuwa na zaidi ya milimita 5 mahali pazima. Penye chaki palibaki chini ya 3, na mahali pawili palibaki hewa. Gonga boriti zote kabla hujakata hata moja, maana wengi huona tundu la kwanza wakafurahi kwamba wameupata ugonjwa, kumbe wameupata mlango wake tu.

Kisha jiulize kwa moyo mweupe kama kazi hii ni ya kuchomelewa. Tulipata tundu moja kwenye ubavu wa boriti ya kulia, karibu na giaboksi, na upande wa kushoto kipande chote cha mwisho, nyuma ya kishikio cha springi, pamoja na boriti ya kukingama ya mkiani. Hayo yalitengenezeka. Lakini kama nyundo ingezama mahali penye sanduku la usukani, au kama boriti ingekuwa imepinda, au kama vishikio vya springi vya mbele vingekuwa vimetafunwa, tungeliuza lori kwa kilo. Malori makubwa ya leo, boriti zake ni za chuma chenye nguvu ya pekee ambacho moto wa kuchomelea hukilegeza, na watengenezaji wengi hukataza kabisa kuzichomelea, au huruhusu sehemu chache tu. Waulize kabla ya kuwasha mashine. Na ile namba iliyogongwa kwenye boriti usiikate, usiisage, usiifunike. Hilo ndilo jina la lori mbele ya serikali zote mbili, ya huku na ya kule.

Ukisharidhika, vua. Tangi la mafuta litoke, litoke nje ya gereji kabisa. Mabomba ya upepo na ya breki yaliyo karibu yatoke, maana mengi ni ya plastiki na cheche moja inatosha kuyatoboa bila wewe kujua mpaka siku ya mteremko. Nyaya zifunguliwe na kusogezwa. Betri ichomolewe nyaya zote mbili, na alternata pia. Kibano cha eathi kikae kwenye chuma kilichosuguliwa mpaka kikang'aa, karibu kabisa na unapochomelea. Ukikibana mbali, umeme utajitafutia njia kupitia beringi, na beringi iliyopitiwa na umeme huanza kulia baada ya miezi, wakati umeshasahau kosa lako.

Hapa nitasimama kidogo, kwa kuwa kuna kosa linaloua. Watu husafisha grisi kwa dawa ya kupuliza ya breki, kisha wanachomelea papo hapo. Baadhi ya dawa hizo zina klorini ndani yake, na moto wa kuchomelea hugeuza mvuke wake kuwa fosjini. Ni gesi ileile ambayo Wajerumani waliwapulizia Waingereza karibu na Ypres, hapahapa Ubelgiji, Desemba 1915. Haihitaji kuwa nyingi, na mtu anaweza kurudi nyumbani akiona yuko salama, mapafu yakajaa maji usiku. Safisha kwa maji ya sabuni na brashi, kausha, basi. Na vyuma vilivyopakwa zinki, saga zinki yote kwanza, fungua mlango wa gereji hata kama baridi inauma. Moshi wake mweupe humpa mtu homa na kutetemeka kama malaria, na huku Jette ukimwambia daktari umepata malaria chini ya lori itakuwa kazi kuelewana.

Ndoo ya mchanga iwe karibu, na mtungi wa kuzimia moto. Ukimaliza kuchomelea, usiondoke. Kaa saa nzima ukitazama na kunusa. Moto wa gereji huanza mwenye gereji akiwa ameshakaa mezani anakula.

Kabla ya kukata, libebe lori. Jeki inainua, haibebi. Weka stendi imara chini ya boriti zote mbili, pande zote za mahali utakapokata, hadi boriti isiwe na uzito wa kujipinda. Kisha dondosha timazi kutoka kwenye matundu ya bolti yanayolingana kushoto na kulia, tia alama sakafuni kwa chaki, upime kwa mshazari, kona hadi kona. Vipimo viwili vya mshazari vikilingana, ngazi yako imenyooka. Viandike ukutani kwa herufi kubwa. Utavirudia kila baada ya mshono, maana chuma kilichochomelewa hujikunyata kinapopoa, na boriti ndefu ikivutwa milimita chache tu, lori litatembea upande kama kaa.

Kukata ni rahisi kusema. Saga kwa grenda mpaka ufikie chuma cheupe, kisha ongeza vidole viwili. Roho itakuuma kuona tundu la yai limekuwa tundu la sahani, lakini mshono uliofungwa juu ya kutu ni sawa na kifungo kilichoshonwa kwenye utando wa buibui. Pembe za tundu ziwe za mviringo, zisiwe kali, kwa sababu ufa hupenda kuanzia penye kona. Mshona kanzu yeyote anajua kiraka cha duara hakichaniki upesi.

Na usikate boriti wima kama mkate. Kata kwa mshazari. Sababu yake utaiona ukichukua muwa ukaukunja gotini: gome la upande wa nje ndilo linalopasuka, la ndani linakunjamana, na katikati panakaa kimya. Boriti iko hivyohivyo. Kingo zake za juu na chini ndizo zinazoteseka. Ubavu wake wa wima, usawa wa katikati, una nafuu. Mshono uliosimama wima unakutana na mateso yote mahali pamoja. Mshono wa mshazari unayagawa. Kiraka nacho kikae ubavuni, kiishie kwa ncha kama umbo la almasi, kisiishie kwa mstari ulionyooka, wala kisivuke kingo. Unene wake uwe uleule wa boriti. Kuna mafundi wanaoweka bamba nene mara mbili wakidhani wanaongeza nguvu. Wanachofanya ni kuhamisha ufa: chesisi imeumbwa ijipinde kidogo barabarani, na ukiikaza sehemu moja kama jiwe, itapasuka pembeni ya jiwe.

Sasa rodi. Kwa mageti na madirisha, 6013 inatosha na Mungu aibariki, imejenga nusu ya Afrika Mashariki. Kwa chesisi tumia 7018. Ile 70 inakuambia kwamba mshono wake unastahimili mvuto wa paundi 70,000 kwa inchi ya mraba. Ile 18 inakuambia aina ya ganda lake, ganda lisiloingiza hidrojeni ndani ya chuma, ilimradi likae kavu. Rodi iliyovuta unyevu wa gereji ya Jette hutia hidrojeni kwenye mshono, na hidrojeni hupasua chuma polepole, saa kadhaa baada ya wewe kuvua glavu. Zitunze kwenye kopo lililofungwa, zipashe kwenye oveni yake kabla ya kazi. Mzee alizikagua moja moja kama mama anayechambua mchele.

Chuma chenyewe kipashe pia. Asubuhi ya Februari boriti ina umande usiouona; pitisha moto wa gesi taratibu mpaka unyevu ukimbie na chuma kiwe na joto la kikombe cha chai unachoweza kukishika. Ubelgiji ilijifunza jambo hili kwa fedheha kubwa. Huko Hasselt, juu ya Mfereji wa Albert, walijenga daraja la karibu mita 75 kwa muundo wa mhandisi wao Arthur Vierendeel, lote limeungwa kwa kuchomelewa badala ya ribiti. Tarehe 14 Machi 1938, likiwa halijafikisha hata miaka miwili na likiwa na mzigo mdogo tu juu yake, ulisikika mlio mkubwa, boriti ya chini ikapasuka, na baada ya dakika kama sita daraja likaanguka majini. Watu walipata nafasi ya kukimbia. Januari 1940, katika baridi kali, madaraja mengine mawili ya aina hiyo yakapasuka. Wahandisi walipochunguza walikuta chuma kisichofaa kuchomelewa, mivutano iliyofungiwa ndani ya mishono, na baridi iliyomalizia kazi. Mivutano ile ndiyo inayokukabili chini ya lori, kwa kipimo kidogo. Dawa yake ni subira. Chomelea kipande kifupi, kama urefu wa kidole, hamia upande wa pili, rudi, acha kipoe chenyewe. Usimwagie maji, usikipulizie upepo.

Mshono wa wima uanze chini upande juu. Kushuka ni kwepesi na kunapendeza macho, lakini moto hauzami. Ukipanda, unaona dimbwi la chuma kilichoyeyuka likikaa juu ya rafu liliyojijengea, linang'aa kama kiini cha yai; unalipeleka kushoto, unangoja sekunde likamate, unalipeleka kulia, unangoja. Ukimaliza, gonga gamba la juu litoke lote, sugua kwa brashi, tazama. Mshono mzuri una mawimbi madogo yaliyolingana kama ukili uliosukwa na mtu asiye na haraka. Ukiona vitundu kama vya maandazi, usiufunike kwa mshono mwingine. Saga, anza upya. Tundu letu la ubavuni nilisaga mara mbili. Mara ya tatu Mzee aliomba tochi, akatazama muda mrefu, akasema, "Sasa umeshona."

Macho yako yalinde tangu rodi ya kwanza. Mwanga ule hauumi ukiutazama. Unakuja kudai saa nane za usiku, unapoamka unahisi mtu amekumwagia mchanga machoni. Huko nyumbani watu huweka vipande vya kiazi kibichi. Kiazi kinapoza tu. Kinachoponya ni giza, siku moja au mbili, na daktari maumivu yakizidi. Na yule anayekusaidia kushika bamba naye avae ngao, hata kama anasema atafumba.

Boriti ya kukingama ya mkiani ndiyo iliyotugombanisha. Mimi niliona haina kazi kubwa: inafunga ncha za ngazi, inashika taa na namba. Nilitaka kuweka bamba jepesi, mishono minne, tulale. Mzee alikataa. Akasema ile ifanywe kwa chuma kipya cha unene kamili, ichomelewe pande zote, na ndani yake tuweke vipande vya pembetatu vya kuimarisha.

"Mzee, lakini hiyo haibebi mzigo," nikamwambia.

Akakunja mkono wa koti, akanionyesha kovu, kutoka kwenye kiwiko hadi karibu na kifundo, limekwajuka kama karatasi iliyoungua.

Aliyewahi kupanda barabara ya RN1 kutoka Bujumbura hadi Bugarama anajua nitakachosema. Unatoka ziwani, chini ya mita 800 juu ya usawa wa bahari, na kwa safari moja ya kupanda, kona juu ya kona, unafika zaidi ya mita 2,000. Vijana wa baiskeli hushuka na ndizi na makaa yaliyofungwa juu kwa juu, wanapita kama risasi. Kurudi juu hawana nguvu ya kukanyaga mlima ule, kwa hiyo wanavizia lori linalopanda polepole, wanashika mkia wake kwa mkono mmoja, mkono wa pili kwenye usukani wa baiskeli, na lori linawavuta. Utaona watatu, wanne, watano, wameshikana na chuma hicho kama watoto na kanga ya mama. Hatari yake kila mtu anaijua. Lakini mlima upo, na ndizi za kesho zinamngoja mtu juu.

Mzee alikuwa mmoja wao kabla hajawa fundi. Siku moja kwenye kona, kipande cha mkia wa lori kilimbakia mkononi. Dereva hakujua, akaendelea. Kijana akaenda na kile chuma hadi kwenye mtaro. Alipokitazama baadaye, akaniambia, kilikuwa kimepakwa rangi nyeusi, na ndani ni unga mwekundu.

Basi nikakata chuma kipya. Siku tatu nzima kwa boriti moja isiyobeba mzigo.

Baada ya hapo kazi inakuwa nyepesi. Pima mshazari tena, soma ukuta, linganisha. Saga ncha zilizo kali. Paka rangi ya zinki juu ya chuma kilicho safi na kikavu, koti mbili, kisha rangi ya juu. Chagua ya kijivu, ili ufa wowote ujionyeshe. Ndani ya mfereji na kila pembe usiyoifikia kwa mkono, puliza nta ya maji, ile inayojipenyeza. Zibua matundu ya chini ya boriti yaliyowekwa na kiwanda ili maji yatoke. Mengi yatakuwa yamezibwa na tope na lami, na hayo ndiyo yaliyoanzisha msiba wote. Lami nyeusi usiipake. Hufungia unyevu ndani, na inamnyima fundi wa Buyenzi haki ya kuona kile ulichomtumia.

Siku ya mwisho, kabla ya kurudisha tangi na mabomba, Mzee alikuja na kiti chake. Hakuketi. Alizunguka hadi nyuma ya lori, akaniomba nyundo, akagonga boriti ya mkiani mwenyewe, kushoto, katikati, kulia. Ngaa. Ngaa. Ngaa. Akanirudishia nyundo.

"Shika kwa mikono miwili," akasema. "Inua miguu."

Nikachuchumaa chini ya mkia, nikashika chuma, nikakunja magoti hadi viatu vikaachana na sakafu. Zinki ilikuwa bado na harufu. Chuma kilikuwa baridi, na hakikutikisika.

"Hesabu hadi sitini, mwanangu."

Nikahesabu. Nilipofika sitini yeye alikuwa bado ameinama, sikio karibu na mshono.

"Hesabu tena," akasema. "Kona za Bugarama ni nyingi."